Ruzuku ya Zimamoto Mashambani: Kuzaa si Kazi

Neno ruzuku lina nasaba moja na riziki. Yote mawili yametokana na mzizi wa Kiarabu. Katika utawala wa kisasa, ruzuku ni fedha zitolewazo na serikali bila ya kudaiwa, ingawa aghalabu huwa na masharti.

Chukua mfano wa Marekani, ambako vikosi vingi vya zimamoto vya mashambani huendeshwa na watu wa kujitolea. Redio ya mawasiliano inapokatika katikati ya moto, mzimaji na anayeokolewa wote huwa hatarini. Tangu mwaka 2001, serikali ya nchi hiyo, kupitia shirika lake la majanga, FEMA, imetoa ruzuku ya kununulia redio, magari na vifaa vya kupumulia penye moshi.

Kwa kawaida mpokeaji huchangia kwa kadiri ya wakazi anaowahudumia: wasiozidi 20,000, asilimia 5 ya ruzuku, hadi 1,000,000, asilimia 10, zaidi ya hapo, asilimia 15. Hivyo basi, kikosi cha kijijini kikipewa dola 100,000, sharti kitoe dola 5,000.

Mizani hiyo humfaa mnyonge, lakini haimalizi dhiki yake. Ruzuku hushindaniwa kwa maandishi, na kikosi kisicho na karani hushindana na vyenye wataalamu. Fauka ya hayo, betri huchakaa na mitambo huharibika baada ya fedha kwisha. Wahenga walinena: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kabla ya kuomba redio, kijiji hakina budi kujua nani atakayeilea.