‘Malaika’ kwa gitaa la kelele? Mbona isiwezekane!

KIJANA amependa, roho inamwambia aoe, lakini mfuko umetoboka. Hiyo ndiyo hadithi ya ‘Malaika’, na kijana wa Matasia aliyesota anaielewa bila kufafanuliwa. Huku Kajiado, ambako mahari bado huhesabiwa kwa ng’ombe, kibao hicho hakijazeeka hata kidogo.

Fadhili William aliurekodi mapema miaka ya 1960, kwa sauti ya upole na gitaa la taratibu. Tangu hapo umezunguka dunia. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika albamu yao ya 1965, iliyoshinda tuzo ya Grammy. Boney M wakaupeleka kwenye disko mwaka wa 1981, naye Angélique Kidjo wa Benin akaurudia katika albamu ‘Logozo’ ya 1991.

Je, bendi ya roki nayo? Nairobi si mgeni wa roki mbadala. Mashabiki wanazikumbuka Murfy’s fLaw na ParkingLotGrass. Na mtindo huo unaufaa wimbo huu kuliko disko. Boney M waliwachezesha watu, uchungu ukapotelea kwenye densi. Roki hujua kukasirika. Anza ubeti kwa gitaa moja, kimya kimya kama Fadhili, kisha pale jamaa anapokiri kwamba pesa ndizo zinazomnyima mchumba, ngoma zipasuke na gitaa lilie. Maneno usiyaguse. Yale yale, ila sasa hasira iliyofichwa inasikika.

Lakini ngoja kwanza kabla ya kuupakia YouTube. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Fadhili alifariki 2001, kwa hivyo haki zake zitadumu hadi mwisho wa 2051. Juu ya hayo, utunzi wenyewe umezozaniwa: Adam Salim wa Tanzania alidai kuwa ndiye aliyeutunga miaka ya 1940. Ulizia leseni mapema, na uandike majina ya wenyewe.

Wimbo wa mtu asiye na pesa umewaingizia wengine pesa kwa miaka 60. Wewe ukiupigia kelele, hakikisha na wenyewe wanapata chao.