Nukta ilivyomfanya mwenzetu aitwe mdaiwa chamani

UKITAKA kujua mtu amekasirika kweli, msomee jina lake kwenye orodha ya wadaiwa mbele ya chama kizima ilhali amelipa. Hilo nililifanya mimi, Jumapili moja mtaani Umoja, laptopu ikiwa mapajani na uhakika mwingi kuliko akili.

Chama chetu hakina mambo mengi. Kila mwisho wa mwezi unamtumia mweka hazina mchango wako kwa M-Pesa, kisha unakopi ile meseji ya "Confirmed" na kuipesti kwenye grupu ya WhatsApp, ukiongeza neno "mchango" na jina la mwezi. Mwaka ulipoisha nikaambiwa, "Wewe ndiye wa kompyuta, tutolee hesabu." Nikakubali chap chap. Nani hataki kuitwa wa kompyuta?

Nilitoa nakala ya mazungumzo yote ya grupu, faili moja ya maandishi yenye maelfu ya mistari, nikaifungua kwenye VS Code. Kuipitia kwa macho ingekuwa kazi ya wiki nzima, basi nikaamua kutumia rejeksi. Kwa asiyezijua, rejeksi ni namna ya kuiambia programu itafute umbo la maandishi badala ya neno moja tu. Humo, nukta husimama mahali pa herufi yoyote, na nyota husema "irudie iliyotangulia, hata mara ngapi". Niliandika hivi:

Confirmed.*mchango

Yaani, tafuta "Confirmed", pita chochote kilicho katikati, mpaka ufike "mchango". Matokeo yalitoka kufumba na kufumbua. Nikayapanga kwa majina, nikaona jamaa mmoja anayeuza mitumba Gikomba hayupo hata mara moja. Mwaka mzima! Nikamsoma.

Hakubishana. Alitoa simu, akaanza kusoma meseji zake moja baada ya nyingine, Januari hadi Desemba, polepole, kama anayesoma wosia. Mweka hazina akanigeukia: "Sasa wewe, hiyo kompyuta yako inasemaje?" Nilichoma picha mbaya sana.

Usiku huo ndipo nilipoona tatizo. Wengi wetu huandika "mchango" palepale meseji ya M-Pesa inapoishia. Yeye kwanza hushuka mstari, ndipo aandike "mchango wa Machi". Na ile nukta tunayoambiwa inakubali herufi yoyote, kuna moja inaikataa: alama ya mstari mpya, ambayo huioni kwa macho lakini imo ndani ya faili. Ikifika hapo, utafutaji unagonga ukuta.

Kuna historia hapo. Wazo la rejeksi lilianzia kwa Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1968 Ken Thompson alichapisha makala kuhusu jinsi ya kuzitumia kutafuta maandishi kwa kompyuta. Programu za kuhariri zilizofuata, kama ed ya Unix, zilishughulikia faili mstari mmoja mmoja. Nukta haikuwa na sababu ya kuvuka mstari, kwa kuwa mstari ndio uliokuwa dunia yake. Tabia hiyo tumeirithi hadi leo.

Nikajaribu kuivusha kwa nguvu. Kwenye Notepad++ kuna kisanduku cha kutia tiki ili nukta ivuke mistari. VS Code haina, kwa hiyo niliandika:

Confirmed[\s\S\n]*mchango

Hapo \s ni nafasi yoyote tupu, \S ni chochote kisicho nafasi tupu, na ile \n ni mstari mpya wenyewe. VS Code isipoiona alama kama hiyo, huendelea kutafuta ndani ya mstari mmoja tu. Matokeo? Moja. Noma! Nyota ni mlafi: ilianzia "Confirmed" ya kwanza ya Januari ikameza kila kitu hadi "mchango" wa mwisho wa Desemba.

Dawa ya ulafi ni alama ya kuuliza baada ya nyota, ili isimame kwenye "mchango" wa kwanza itakaokutana nao. Nikaiweka, idadi ikapanda, karibu nisherehekee. Kisha nikaona dada mmoja aliyepesti meseji yake ya Juni akasahau kuandika "mchango". Utafutaji ulikuwa umempita, ukaenda kudaka "mchango" wa mtu aliyemfuata, malipo mawili yakahesabiwa kama moja. Ningesoma orodha hiyo, ningemtukanisha mwingine.

(Ukikutana na Python, usidanganywe na chaguo la MULTILINE. Hilo hubadilisha tu maana ya alama za mwanzo na mwisho wa mstari. La kuivusha nukta ni DOTALL. Majina hayo yamewapotezea watu usiku mwingi.)

Kilichonitoa ni kuacha kuilazimisha nukta. Kwenye faili ile kila ujumbe mpya huanza na tarehe, na mstari usioanza na tarehe ni mwendelezo wa ujumbe uliotangulia. Kwa hiyo nilihifadhi nakala ya faili kwanza, kisha nikatafuta:

\n(?!\d+/\d+/\d+, )

Maana yake: mstari mpya usiofuatwa na tarehe. Nikaweka nafasi moja tupu mahali pake. Kila ujumbe ukawa mstari mmoja, na ile rejeksi yangu ya kwanza, iliyoniaibisha, ikafanya kazi bila kuguswa. Faili ikitoka kwenye iPhone, tarehe huwa ndani ya mabano ya mraba, kwa hiyo ongeza \[? kabla ya \d ya kwanza. Waliosahau kuandika "mchango" niliwapata kwa Confirmed(?!.*mchango), nikampigia kila mmoja simu kabla ya kufungua mdomo mkutanoni.

Jamaa wa Gikomba nilimwomba msamaha mbele ya wote, akaupokea. Nilipomsihi tafadhali aanze kuandika "mchango" kwenye mstari uleule kama wenzake, alikataa kabisa. Alisema yeye hulipa kwa wakati, kompyuta ndiyo ijipange.