Kupokezana Huduma baina ya Seva Mbili za Faili: Usanidi wa Klasta ya NFS na Suala la Haki ya Kuandika

1.0 Utangulizi

Taasisi nyingi huhifadhi nyaraka zao katika seva moja ya faili inayofikiwa na kompyuta zote za ofisi kupitia mtandao. Seva hiyo inapozimika, kazi zote husimama. Hata seva inayopatikana kwa asilimia 99.9 ya muda hukosekana kwa takribani saa 8 na dakika 46 kwa mwaka, na saa hizo zinaweza kuangukia siku ya kuandaa mishahara au matokeo ya mitihani. Suluhisho linalotumika sana ni kuunganisha seva mbili katika klasta, ili moja inaposhindwa nyingine ipokee huduma. Makala haya yanafafanua usanidi wa klasta ya namna hiyo katika mfumo wa Linux, kwa kutumia itifaki ya NFS pamoja na programu za DRBD, Corosync na Pacemaker. Hoja ya msingi ni kwamba kinachopokezwa si huduma pekee bali ni haki ya kuandika katika data. Haki hiyo haipaswi kukabidhiwa seva ya pili kabla ya kuthibitika kuwa seva ya kwanza haiwezi kuandika tena.

2.0 Vijenzi vya Klasta

Kila kijenzi kina jukumu lake. DRBD, ambayo ni sehemu ya kiini cha Linux tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010, hunakili kupitia mtandao kila kinachoandikwa katika diski ya seva moja hadi diski ya seva nyingine. Katika utaratibu wake unaoitwa C, uandishi hauhesabiwi kuwa umekamilika mpaka data iwe imefika katika diski zote mbili. Corosync hupitisha ujumbe mfupi wa mara kwa mara ambao kwao seva hujuana kuwa zingali hai. Pacemaker ndiyo inayoamua ni seva ipi itoe huduma, na ndiyo inayoiwasha na kuizima. Aidha, wateja hawatumii anwani ya kudumu ya seva yoyote, bali anwani moja ya IP inayohama pamoja na huduma.

3.0 Hatari ya Seva Mbili Kuandika kwa Wakati Mmoja

Ukimya wa seva una maana zaidi ya moja. Huenda seva imezimika. Huenda pia kebo ya mtandao imekatika ilhali seva yenyewe ingali inaandika. Kwa seva inayosubiri, hali hizi mbili hazitofautiani. Ikipokea huduma kwa kubahatisha, kila seva itajiona ndiyo yenye mamlaka, na wahenga walikwisha kusema kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Afisa mmoja atarekebisha alama za wanafunzi katika nakala ya kwanza, na mwenzake ataingiza malipo ya ada katika nakala ya pili. Mawasiliano yanaporejea, DRBD haiwezi kuziunganisha nakala hizo; moja hutupwa pamoja na kazi yote iliyofanyika ndani yake.

Kinga ya kwanza ni akidi. Katika klasta ya seva tatu, seva mbili zinazowasiliana ni wengi na huendelea na kazi, ilhali ile iliyobaki peke yake huacha. Katika klasta ya seva mbili hakuna wengi wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo Corosync ina chaguo la two_node, linaloiruhusu seva moja kuendelea peke yake. Hivyo basi, usalama wote huegemea kinga ya pili, yaani STONITH, jina ambalo tafsiri yake ni kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Kabla ya kupokea huduma, seva iliyo hai huamuru chombo cha nje kuikatia umeme seva iliyonyamaza, kisha husubiri uthibitisho kuwa imezimwa. Uthibitisho usipopatikana, huduma haihamishwi.

Uchaguzi wa chombo hicho unahitaji uangalifu. Kidhibiti cha IPMI kilichomo ndani ya seva hutegemea umeme wa seva hiyo hiyo. Umeme wake ukikatika, kidhibiti nacho hunyamaza, uthibitisho hukosekana, na klasta husimama. Pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara, inafaa kuongeza njia ya pili isiyotegemea chanzo hicho, kwa mfano kigawi cha umeme kinachoamriwa kupitia mtandao.

4.0 Mpangilio wa Kuwasha na Kuzima

Pacemaker huelekezwa kuwasha rasilimali kwa mfuatano maalumu. Kwanza, DRBD ya seva inayopokea hupewa nafasi ya uongozi. Pili, mfumo wa faili hupachikwa. Tatu, huduma ya NFS huwashwa. Nne, folda hutolewa kwa wateja. Mwisho, anwani ya IP huwekwa. Anwani ikitangulia, mteja atafika kabla ya folda kuwa tayari na kupokea kosa badala ya kusubiri. Wakati wa kuzima, mfuatano hugeuzwa, na anwani huondolewa kwanza. Vilevile, rasilimali zote sharti zifungamanishwe zikae katika seva moja.

Kila folda inapaswa kupewa namba ya fsid iliyo sawa katika seva zote mbili, kwa kuwa mteja huitambua faili kwa kitambulisho kinachoweza kujengwa juu ya namba hiyo. Chaguo la sync nalo halina budi kubakizwa. Chaguo la async huiruhusu seva kumjibu mteja kuwa data imehifadhiwa ilhali ingali katika kumbukumbu ya muda. Seva ikizimika hapo, data hiyo hupotea, na DRBD haiwezi kunakili kisichofika diskini.

5.0 Kufuli za Faili na Muda wa Kusubiri

NFS toleo la 4 hutunza orodha ya wateja walioshikilia kufuli za faili. Katika Linux, kumbukumbu hizo hukaa chini ya /var/lib/nfs, na ni lazima ziwekwe katika diski inayonakiliwa ili zihame pamoja na data. Seva mpya inapoanza, hutoa muda wa kawaida wa sekunde 90 ambapo wateja wa awali hudai upya kufuli zao, na maombi mapya ya kufuli hukataliwa. Hivyo, hata makabidhiano yakichukua sekunde chache, mtumiaji anaweza kusubiri zaidi ya dakika moja. Kwa upande wa mteja, chaguo la hard humfanya arudie ombi lake mpaka ajibiwe. Chaguo la soft hurudisha kosa baada ya majaribio machache, na faili iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika.

6.0 Majaribio

Amri ya pcs node standby huhamisha huduma kwa utaratibu, lakini haithibitishi kitu kuhusu ajali. Jaribio la kweli ni kukata umeme wa seva inayotoa huduma, na jaribio jingine ni kuchomoa kebo zake za mtandao ikiwa ingali hai, huku mteja akiendelea kuandika faili kubwa. Baada ya hapo, faili hiyo hulinganishwa na ya asili.

7.0 Hitimisho

Klasta haichukui nafasi ya nakala rudufu, kwa kuwa faili iliyofutwa kimakosa hufutwa katika diski zote mbili papo hapo. Kazi yake ni kuendeleza huduma bila kuhatarisha data. Klasta isiyo na STONITH huonekana kuwa na kasi mpaka siku kebo itakapokatika. Dakika chache za kusubiri uthibitisho ni hasara ndogo kuliko siku nzima ya kazi iliyoandikwa katika nakala itakayotupwa.