Wote mna kisukari, kwa nini dawa zenu hazifanani?

Umetoka kliniki ya kisukari mjini Sumbawanga na jirani yako. Wewe umeandikiwa kidonge aina moja, yeye aina mbili, na mama mliyekaa naye benchi moja anachoma sindano. Unaanza kuwaza: au daktari kanipa dawa dhaifu?

Hapana. Daktari haangalii namba ya sukari peke yake. Anaangalia aina ya kisukari, umri, uzito, figo, ujauzito na hata saa unazokula.

Aina gani ya kisukari?

Kwenye aina ya kwanza, kongosho halitengenezi insulini ya kutosha kabisa. Huyu lazima achome insulini tangu mwanzo, vidonge peke yake havimtoshi. Wengi hugundulika wakiwa watoto au vijana.

Kwenye aina ya pili, yenye wagonjwa wengi zaidi, insulini ipo lakini mwili hauitumii vizuri. Hapo vidonge vinasaidia.

Wengi huanza na metformini

Dawa hii hupunguza sukari inayotengenezwa na ini. Ikitumika peke yake, ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Mara nyingi huanza na miligramu 500, mara moja au mbili kwa siku, pamoja na chakula. Dozi hupandishwa taratibu kwa sababu inaweza kuvuruga tumbo na kuharisha. Figo zikiwa zimedhoofika sana, haitolewi. Ndiyo maana unaambiwa upime figo.

Dawa ya pili, na jembe la alfajiri

Sukari ikigoma kushuka, daktari anaweza kuongeza glibenklamaidi au gliklazidi. Hizi hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi, na zinafanya kazi hata kama hujala.

Hapa mkulima wa Ufipa awe makini. Ukimeza kidonge alfajiri, ukaenda shamba bila kula na kulima mpaka saa sita, sukari inaweza kushuka chini ya 4. Utatetemeka, utatoka jasho, utachanganyikiwa, na unaweza kupoteza fahamu.

Ukiona dalili hizo, kunywa maji yenye vijiko vinne vidogo vya sukari. Subiri dakika 15. Kama bado, rudia. Ukipata nafuu, kula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kwa wazee hatari ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema glibenklamaidi haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60.

Sindano siyo hukumu

Kuna wanaoamini kwamba ukipewa insulini umefika mwisho. Siyo kweli. Mwenye aina ya pili anaweza kupewa vidonge vikishindwa, akiwa mjamzito, au akiwa anafanyiwa operesheni. Wengine hurudi kwenye vidonge baadaye.

Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8, bila kuganda. Iliyoanza kutumika inaweza kukaa nje mahali pa baridi na kivuli kwa takriban wiki nne. Sumbawanga kuna ubaridi, lakini ukishuka bonde la Ziwa Rukwa joto ni jingine kabisa. Usiiache juani wala ndani ya gari. Kama hakuna friji, chungu chenye maji kinasaidia, ila chupa isilowe.

Namba zimekaa sawa, niache dawa?

Usiache. Kwa wengi, lengo ni sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7, na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi kama mitatu, kiwe chini ya asilimia 7. Ukifika hapo, maana yake dawa inafanya kazi. Ukiacha bila ushauri, sukari hupanda kimyakimya huku ikiumiza macho, figo na miguu.

Na vidonge vya jirani usiviguse. Vilivyomfaa yeye vinaweza kukuangusha wewe shambani.

Siku ya kliniki, nenda na daftari lako na dawa zote unazotumia, za kienyeji pia. Mwambie daktari unakula saa ngapi na unaenda shamba saa ngapi. Dawa ikikushinda bei, sema hapohapo, usikae kimya ukaruka dozi.