Je, Wajua? Kabureta ya Njombe si kabureta ya Dar

Je, wajua kwamba pikipiki iliyokuwa ikinguruma vizuri Kariakoo inaweza kufika Njombe ikaanza kutoa moshi mweusi bila chochote kuharibika? Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 17 hivi. Kabureta haina habari na hilo. Petroli haipungui kwa kadiri ileile, kwa hiyo mchanganyiko unazidi mafuta kwa takriban asilimia 10. Plagi inashika masizi, pikipiki inamisi, na fundi wa watu analaumiwa bure.

Je, wajua kwamba pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabara zetu zina asili moja? Ni Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kupata matunzo haba. Pistoni ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, ya CG150 ina 62. Mwendo wa pistoni kupanda na kushuka ni uleule, milimita 49.5. Ndiyo maana anayetaka kukuza injini huanza na bloki na pistoni.

Sasa piga hesabu. Kutoka cc 124 za CG125 hadi 149 za CG150 ni ongezeko la asilimia 20. Toa asilimia 17 ya hewa iliyopotea kwa sababu ya mwinuko, unarudi kwenye 124. Yaani 150 ya Njombe huvuta uzito wa hewa uleule inaovuta 125 ya Dar! Kijana aliyelipia bloki kubwa pale mjini hajanunua mbio. Amerudishiwa tu hewa yake.

Kwa hiyo kukimbilia jeti kubwa, yaani tundu kubwa la kupitishia petroli kwenye kabureta, kwa sababu tu injini imekuzwa ni haraka isiyo na hesabu.

Je, wajua kwamba namba kwenye jeti ya Keihin ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita? Jeti namba 100 ina tundu la milimita moja kamili. Jeti nyingi za Mikuni huhesabiwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita, kwa hiyo 100 ya huku si 100 ya kule. Na wale wanaopanua tundu kwa waya wajue hili: kutoka 100 hadi 110, eneo la tundu linaongezeka kwa asilimia 21, si 10. Kufidia mwinuko wa Njombe, kushuka kutoka 100 hadi 95 mara nyingi kunatosha.

Je, wajua kwamba jeti kuu haihusiki pikipiki ikiwa sailensa? Hapo kazi ni ya jeti ndogo na skrubu yake. Ukivuta mafuta kati ya robo na robo tatu, sindano ndiyo inayoamua: klipu ikipandishwa, sindano inashuka na petroli inapungua. Jeti kuu inatawala kuanzia robo tatu kwenda juu. Basi pikipiki ikimisi, muulize mwenyewe kwanza alikuwa amevuta mafuta kiasi gani.

Skrubu nayo ina fumbo lake. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, na kuikaza kunaongeza utajiri wa mafuta. Ikiwa upande wa injini, kuikaza kunapunguza mafuta. Usiiguse injini ikiwa ya baridi.

Je, wajua kwamba Makambako, kwenye stesheni ya TAZARA na njia panda ya Songea, iko juu ya mita 1,600, kimo cha Denver kule Marekani? Katika jimbo lake la Colorado vituo huuza petroli ya oktani 85, ndogo kuliko ya kawaida, kwa sababu hewa nyepesi hupunguza injini kunoki.

Je, wajua kwamba petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto, na katika ukungu wenye baridi barafu inaweza kuganda ndani ya kabureta hata hewa ya nje ikiwa juu ya nyuzi sifuri? Marubani wa ndege ndogo wanaliogopa sana jambo hili.

La mwisho ndilo la hatari. Mkoa wa Njombe hauishii kwenye baridi. Ukiteremka Ludewa hadi Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, uko mita 475 hivi tu, na hewa ni nzito tena. Kabureta iliyobanwa kwa ajili ya mlimani inakosa petroli: plagi inageuka nyeupe, injini inachemka, pistoni inaweza kutoboka. Mafuta yakizidi, hasara ni ya mfuko; yakipungua, hasara ni ya injini. Ewe dereva wa bodaboda, fundi akikuwekea jeti kuu yenye namba ndogo, mwombe ile ya zamani na uitunze kwa safari ya ziwani.