Baada ya Mionzi, Mgonjwa Aende kwa Nani?

Wapo ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliovuka bahari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakatibiwa kwa mionzi na wakapona. Wengi ni akina mama, kwani saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini tiba hiyo ina upande wa pili usiozungumzwa, na sababu kubwa ya kutozungumzwa ni haya.

Mionzi inayoelekezwa kwenye kizazi, au kwenye tezi dume kwa wanaume, haina budi kuugusa utumbo ulio jirani. Kuharisha kwa wiki za tiba aghalabu hukoma. Tunayoyakusudia hapa ni madhara yanayochelewa: huanza baada ya miezi mitatu, pengine mwaka, pengine miaka kadhaa, wakati mgonjwa ameshasahau. Vishipa vya utumbo hudhoofika, na mtu huona damu chooni, au haja humbana ghafla asiweze kuizuia. Mama aliyezoea kwenda maulidini na wenzake huacha kutoka nyumbani. Atathubutu vipi kupanda boti kutoka Mkoani?

Akenda kituoni, huenda akaambiwa ni bawasiri au amiba, akapewa vidonge. Akirudi, akapewa vingine. Hatuwalaumu waganga na wauguzi wetu ikiwa hakuna aliyewaarifu kwamba mtu huyu alipigwa mionzi. Anayehitajika ni daktari bingwa wa magonjwa ya tumbo na utumbo, mwenye chombo cha kuangalia ndani, anayeshauriana na yule aliyetoa mionzi. Kwanza ahakikishe kwamba saratani haikurudi. Tena awe na hadhari: kukata kinyama cha kupima katika ukuta wa mbele wa utumbo uliopigwa mionzi kwaweza kuleta kidonda kisichofunga, hata tundu baina ya utumbo na uke. Damu huweza kuzuiwa kwa dawa ya sukralfeti inayotiwa kwa njia ya haja kubwa, au kwa kuviunguza vishipa kwa gesi ya agoni. Kuharisha nako mara nyingi kuna chanzo kinachotibika, kama vile nyongo isiyofyonzwa au vijidudu vilivyozidi katika utumbo mwembamba. Kumwambia mgonjwa azoee si tiba.

Kwa wenye dhamana ya afya tunasema: kila amalizaye mionzi arudi na karatasi inayotaja sehemu iliyopigwa, kipimo na tarehe, pamoja na dalili za kutahadhari. Karatasi hiyo ifahamike Micheweni kama inavyofahamika Mnazi Mmoja. Na itangazwe ni bingwa yupi, hospitali ipi na siku gani, anayewapokea wagonjwa hawa, ili nauli ya boti isitumiwe kwa kubahatisha.

Nanyi mliopata mionzi, mkifika mbele ya daktari litamkeni jambo hilo mwanzo kabisa, hata kama ni la miaka kumi iliyopita, na hata kama hakuuliza.