Afande, Katiba Haikukutaja Wewe

Swali ni lile lile, na nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kulimalizia kabla muulizaji hajavuta kiti: "Wakili, nikienda kortini nipangiwe kulipa madeni yangu, si nitafutwa kazi?"

Wa mwisho kuliuliza alikuwa konstebo. Alikuja Voi na nguo za kiraia, akamwambia bodaboda amshushe mbele ya maduka ya jirani, akamalizia njia kwa miguu. Mlango wa ofisi aliufunga mwenyewe. Nilipomwomba taarifa ya akaunti yake ya benki, akasema kadi iko kwa mtu. Mtu huyo ni shailoki, mkopeshaji wa riba wa mtaani. Mshahara ukiingia wanaongozana hadi kwenye mashine ya pesa, shailoki anabonyeza nambari ya siri, na mwenye mshahara anasubiri pembeni agawiwe kilichobaki, kama mtoto anayengoja nauli ya shule.

Mtu huyu ndiye anayeogopa karatasi ya korti.

Basi leo tuumalize uvumi huu, kwa sababu hauna miguu ila umetembea hadi Taveta. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 245, inaorodhesha mambo yanayoweza kumwondoa ofisini Inspekta Jenerali wa Polisi. Kufilisika ni mojawapo. Nadhani mtu alikisoma, akamnong'oneza mwenzake kambini, mwenzake akakirusha kwenye kundi la WhatsApp, na kilipofika Kasigau kilikuwa kimeshageuka kuwa "polisi akidaiwa anafutwa". Inspekta Jenerali ni mmoja nchi nzima. Kama hukuapishwa kushika ofisi hiyo, kifungu hicho hakikuhusu. Kifungu cha 99 nacho kinamzuia muflisi kuchaguliwa mbunge. Siku utakapotaka kiti cha Voi au Mwatate, njoo tukizungumze.

Kosa la pili limo ndani ya la kwanza. Kufilisika na kupanga malipo ni vitu viwili. Sheria ya Ufilisi ya 2015 imeziweka njia za kupanga malipo katika sehemu yake yenyewe, kama mbadala wa kufilisika. Anayelipa kwa makubaliano hajatangazwa muflisi. Anafanya hivyo ili asitangazwe. Kumwita muflisi ni sawa na kumwita marehemu mtu aliyekwenda hospitali.

La tatu, kudhani deni lililofichwa ni salama kuliko karatasi ya korti, ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu maafisa wenyewe wanajua sivyo. Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilipoanza kuwapiga msasa maafisa mnamo Desemba 2013, iliwauliza kuhusu pesa zilizopita kwenye akaunti zao za benki na M-Pesa. Wako walioshindwa kueleza zilikotoka, na kazi ikawaponyoka. Sasa linganisha. Makubaliano yaliyothibitishwa na Mahakama Kuu ni maelezo yaliyokwisha kuandikwa: nadaiwa na fulani, kiasi hiki, nalipa kila mwezi, msimamizi ni huyu. Lakini ile nambari ya simu ya shailoki inayojirudia kwenye M-Pesa yako kila mwisho wa mwezi utaielezaje? Na askari ambaye mshahara wake umeliwa wote kufikia tarehe mbili, akipangwa kwenye kizuizi cha barabara kuu ya Mombasa usiku wa malori, mkubwa wake ana haki ya kuwa na wasiwasi naye.

Sikudanganyi kwamba hakuna atakayejua. Mambo haya yana sajili rasmi, na anayetaka kuitazama ataitazama. Lakini deni lililofichwa nalo hujulikana, tena kwa njia mbaya zaidi: kesi inafunguliwa, unapuuza wito, hukumu inatoka, unaitwa ueleze kwa nini usifungwe jela ya madai, unapuuza tena, hati ya kukukamata inatolewa. Mwenzako wa zamu anaweza kutumwa kukuleta. Hapo ndipo kazi inapoingia doa, na doa limetokana na kudharau korti.

Msije pia kunisomea kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kile kinachosema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Someni kifungu cha 3 cha sheria hiyo hiyo: polisi wametolewa humo. Theluthi yenu inalindwa na kanuni za utumishi wa umma, zinazokataza mtumishi kujifunga kwa madeni kupita theluthi mbili ya mshahara wa msingi. Kanuni hizo hutazama makato ya kwenye hati ya mshahara. Shailoki hayumo kwenye hati. Kwa hiyo theluthi ile iliyolindwa ili watoto wale, yeye ndiye anayeila. Fanya hesabu: umekopa shilingi 20,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Unalipa riba ya 4,000. Baada ya miezi 10 umeshampa 40,000, na bado unadaiwa 20,000 zile zile. Hakuna jaji wa Voi aliyewahi kukutishia kwa hesabu kama hiyo.

Dawa nyingine za mtaani nazitaja kwa pumzi moja. Kuhamishia mshahara benki nyingine hakuui mkopo. Kunawaamsha mawakili wa benki ya kwanza. Anayekuuzia "kusafisha jina CRB", yaani kwenye kumbukumbu za wakopaji, anakuuzia hewa: ripoti yako una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, kosa lililomo unalipinga mwenyewe, na taarifa ya kweli haifutwi kwa hongo. Kukopa kwenye simu ulipe sacco ni kuchota maji kwa pakacha.

Swali ambalo ningependa kuulizwa, na haliulizwi, ni la wadhamini. Mkopo wa sacco husimama juu ya watu, na watu hao mnakaa nao laini moja kambini. Makubaliano yako na wadai kwa kawaida hayamfungui mdhamini. Sacco itaanza na akiba yako, isipotosha itamgeukia yeye, naye atafungua hati yake ya mshahara aone makato ya deni asilolila. Nimeona laini ambayo wake wa askari wawili hawachoti maji kwenye mfereji mmoja kwa sababu hiyo. Mwambie mdhamini kabla hujamwambia wakili.

Sasa njia zenyewe, haraka.

Kwanza, zungumza na kila mdai kwa maandishi. Omba muda mrefu na kiasi kidogo cha kila mwezi. Benki na sacco hupanga upya mikopo kila siku, lakini usiahidi usichoweza. Kama ni mkopo wa benki uliosimama kulipwa, dai hesabu ya riba: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba ipite salio la mkopo lililokuwapo siku uliposimama.

Pili, amri ya malipo kwa awamu. Hutolewa na Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali wa mambo ya ufilisi, kwa madeni yasiyo na dhamana yasiyozidi kiwango kilichowekwa. Unapewa msimamizi, unalipa kidogo kidogo, kwa kawaida ndani ya miaka 3. Kwa konstebo mwenye madeni madogo mengi, hii ndiyo ya kuuliza mwanzo.

Tatu, makubaliano ya hiari. Mtaalamu wa ufilisi aliyeidhinishwa anaandaa pendekezo, Mahakama Kuu inatoa kinga ya muda ya siku 14 inayoweza kuongezwa, wadai wanakutana na kupiga kura, korti inathibitisha. Mwenye dhamana, kama logibuku ya gari au hati ya shamba, haguswi bila ridhaa yake. Mtaalamu analipwa, kwa hiyo kwa deni dogo usijisumbue.

Nne, utaratibu wa asiye na mali, kwa madeni ya shilingi 100,000 hadi milioni 4. Wewe una mshahara. Haukuhusu.

Tano, kufilisika kwenyewe, ambako kwa kawaida huisha kwa miaka 3. Matunzo ya mke na watoto hayafutiki humo. Iwe ya mwisho.

Kabla ya yote, nenda benki leo, ibatilishe kadi ile na ubadilishe nambari ya siri. Deni la shailoki liandike kwenye orodha pamoja na mengine, naye angoje zamu yake kama wadai wenzake. Halafu njoo na hati 3 za mshahara za karibuni, barua za wadai na majina ya wadhamini. Bodaboda akushushe mlangoni.